Madaftari ya zamani ya msikiti wetu: tuyafungue kwa nani, na kwa kiasi gani?

Katibu wa Kamati

Assalaam aleikum, ndugu zangu na walimu wangu. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo limeigawa kamati yetu kwa miezi kadhaa, na ambalo sipendi liamuliwe kwa kura kabla hatujawasikia waliokwisha kulipitia.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti katika mji mdogo wa pwani, Mkoa wa Tanga. Katika chumba cha pembeni tuna kabati la mninga lenye madaftari kumi na moja ya ndoa, talaka na mirathi, pamoja na mkoba wa ngozi uliojaa hati za wakfu wa nyumba na mashamba ya minazi. Daftari la kwanza linaanza mwaka 1302 wa Hijria, yaani 1884 kuingia 1885, kabla Wajerumani hawajaushika mji. Limeandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, tena kwa mkono mzuri ajabu. La mwisho linakoma mwaka 1971, ilipotungwa Sheria ya Ndoa na usajili ukaingia katika utaratibu mmoja wa serikali. Hakuna nakala ya madaftari haya popote.

Kwa miaka yote ninayoikumbuka, aliyetaka kuyasoma alikuja baada ya swala ya alasiri, akapewa ufunguo na mwadhini, akaketi mkekani na kufunua. Walikuja watu wanaotafuta nasaba zao, wanafunzi wa chuo kikuu, na wenye kesi za mashamba. Tangu ardhi ya ufukweni ilipoanza kupanda bei, hao wa mwisho wameongezeka sana. Daftari la tatu, ambalo lina ndoa za koo kubwa, limeanza kuachia kurasa, na pembe zake zimekatika kwa vidole vilivyoloweshwa mate. Mwaka jana tuligundua kwamba hati moja ya wakfu haimo tena mkobani. Hatujui aliyeichukua, wala hatujui ilitoka lini, kwa sababu hatukuwa na orodha ya hati zilizomo.

Wazee wa kamati sasa wanataka kabati lifungwe na asiruhusiwe mtu isipokuwa kwa idhini ya wazee watatu. Vijana wanataka kila ukurasa upigwe picha na kuwekwa kwenye intaneti, kila mtu ajisomee. Mimi naona pande zote mbili zinayapenda madaftari haya, na bado kila upande unaweza kuyapoteza kwa njia yake. Yaliandikwa na watu wa mji ili mji ujue nani kaoana na nani, na nani kairithi nyumba gani. Kuyafungia ni kuyanyima kazi yake. Lakini tukiendelea kama tulivyo, wajukuu wetu watakuta vumbi. Naomba mnisaidie mambo mawili: tuyafungue vipi bila kuyamaliza, na ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba jambo fulani lililoandikwa humo lisionwe na kila mtu?

Fundi wa Majalada

Waaleikum salaam, Katibu. Kazi yangu ni kukarabati vitabu na hati, kwa hiyo nitasema yale ambayo mikono yangu imeyaona.

Kwanza, wazee wasifunge kabati. Niliwahi kuitwa kulifungua sanduku la familia moja visiwani, ambalo lilikuwa limefungwa miaka tisa kwa heshima ya marehemu aliyeliacha. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni na kutoboa ubao wa chini, wakala vitabu kwa ndani na kuacha ngozi ya majalada imesimama kama nyumba isiyo na watu. Kama mtu mmoja angelifungua kila mwezi, uharibifu ungeonekana ukiwa bado ni wa kidole kimoja. Kitabu kinachofunguliwa kwa uangalifu ni kitabu kinachokaguliwa, na katika hewa yetu ya pwani ukaguzi ndio kinga ya kwanza.

Pili, tenganisheni mwili wa daftari na maneno yaliyomo. Wengi wanaokuja hapo wanahitaji maneno tu, na kwao picha nzuri inatosha kabisa. Wachache wanahitaji mwili wenyewe: mtu anayechunguza iwapo hati imeghushiwa, au anayetazama karatasi yenyewe. Karatasi nyingi za karne ya 19 zilizofika mwambao wetu zilitengenezwa Italia kwa ajili ya masoko ya Mashariki, na ukiinua baadhi yake kwenye mwanga utaona alama ya miezi mitatu. Alama hiyo haionekani katika picha ya kawaida. Ukishawapa wale wengi picha, daftari halisi litafunguliwa mara chache kwa mwaka, na hizo chache linaweza kuzistahimili.

Kuhusu picha zenyewe, tafadhali msimpe kijana yeyote mwenye simu kazi hii kwa siku moja. Daftari ambalo uti wake umekauka lisifunguliwe zaidi ya pembe mraba. Liwekwe juu ya mito miwili iliyojazwa pamba, kila upande mto wake, na picha ipigwe kutoka juu kwa kamera iliyosimamishwa imara, bila mwanga wa kumulika ghafla. Kila ukurasa upigwe, hata ule mtupu, kwa sababu ukurasa mtupu ni ushahidi kwamba hapakuwa na kitu. Hifadhini picha kubwa zisizobanwa kama asili, kisha mtengeneze ndogo za kusomea. Asili hizo zikae mahali patatu, na mojawapo pawe nje ya mji, kwa maana bahari haina mpaka na moto hauna adabu.

Upo pia wino. Wino wetu wa masizi haupauki hata ukikaa miaka mia, lakini ukipata maji unayeyuka na kutiririka. Wino wenye chuma hufanya kinyume chake: hushika sana karatasi, kisha taratibu huitafuna, mpaka herufi zinadondoka na kuacha matundu yenye umbo la maandishi. Angalieni madaftari yenu yana wino upi. Yenye wino wa chuma yapigwe picha kwanza, kwa kuwa hayo yanajila yenyewe hata asipoyagusa mtu.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Selotepu isiguse karatasi kamwe. Gundi yake hugeuka kahawia na haitoki. Laminesheni ni mbaya zaidi, maana ni kuizika hati ndani ya plastiki na joto lake. Kabati lisogezwe mbali na ukuta wa nje na liinuliwe juu ya sakafu. Msomaji anawe mikono kwa sabuni na kuikausha vizuri. Glavu za kitambaa zinampunguzia mtu hisia za vidole, na hivyo ndivyo kurasa zinavyochanika.

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama kwa zaidi ya miaka ishirini, na nakubaliana na Fundi katika karibu kila jambo, ila naomba nitie uzito mahali ambapo yeye amepita haraka. Kwa kesi ya shamba, picha mara nyingi haitoshi. Upande wa pili utasema imechezewa, na hakimu atataka kuiona hati yenyewe. Kwa hiyo msije mkadhani kwamba mkishamaliza kupiga picha, asili zimekuwa mapambo ya kabatini. Zimekuwa na thamani kubwa zaidi kuliko mwanzo, kwa kuwa ndizo zitakazozithibitisha picha.

Sasa niseme kile ambacho kingewaokoa tangu zamani: faharasa. Mtu anayetafuta ndoa ya babu yake ya mwaka 1931 anahitaji mstari mmoja, lakini kwa kuwa hajui mstari huo uko wapi, anafunua madaftari mawili mazima, ukurasa kwa ukurasa, kwa mate yake. Nyinyi mnaona tatizo kuwa ni wingi wa wasomaji. Mimi naona kwamba kila msomaji amelazimishwa kufunua mara mia kwa jambo la mara moja. Tengenezeni orodha ya majina, mwaka na namba ya ukurasa. Itawachukua muda mrefu, pengine mwaka mzima wa jioni baada ya alasiri, na itawahitaji wazee wanaosoma hati za Kiarabu wakiwa bado hai na macho yao bado yanaona. Hilo la wazee ndilo linalonitia haraka zaidi kuliko mchwa. Daftari linaweza kukaa miaka mingine hamsini, lakini watu wenu wanaoweza kuusoma mwandiko wa karani yule, na ambao wanajua kwamba mtaa fulani uliotajwa ndio sasa unaitwa jina jingine, nadhani hawazidi watano.

Pamoja na faharasa, wekeni daftari la wasomaji: jina, tarehe, alichokiomba, alichokirudisha, na saini ya mwadhini. Hati za mkobani zipewe namba kwa penseli laini, nyuma, pembeni, na zihesabiwe mbele ya msomaji kabla hajakaa na kabla hajaondoka. Ile iliyopotea itangazwe msikitini kwa utulivu, bila kumtuhumu mtu, maana mara nyingi hati ya namna hiyo imelala katika droo ya mtu aliyeiazima kwa nia njema na kuona haya kuirudisha.

Kwa upande wa sheria, kumbukumbu za ofisi za umma nchini zinaongozwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, ambayo kwa kawaida huzifungua kwa wasomaji baada ya miaka 30. Madaftari ya msikiti wenu hayakutoka katika ofisi ya serikali, lakini kipimo hicho kinaweza kuwasaidia kuanza kufikiri: la 1971 lina watu ambao bado wako hai, talaka zao zimo, na sababu za talaka zimo. Tangu mwaka 2022 ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. La 1884 ni jambo jingine kabisa, ingawa msidhani kwamba kwa kuwa wamekufa wote basi halimuumizi mtu.

Bint wa Mwambao

Naandika kutoka Muscat, na huenda mimi ni mmoja wa wale ambao vijana wenu wanawafikiria wanapotaka madaftari yawekwe kwenye intaneti. Nauli ya kuja Tanga na siku za likizo si vitu ninavyovipata kila mwaka. Nilimtafuta mama wa bibi yangu kwa miaka sita, na nilimpata katika daftari la ndoa la mji mwingine wa pwani, kwa sababu mzee mmoja alikubali kunipigia picha ya ukurasa mmoja. Hapakuwa na jina la baba yake. Palikuwa na neno «mzalia», yaani mtumwa aliyezaliwa hapahapa mwambao, na jina la bwana aliyemmiliki, na kwamba bwana huyo ametoa idhini ya ndoa.

Mimi nililia kwa furaha, kwa kuwa hatimaye alikuwa na mahali katika maandishi. Binamu yangu, nilipomtumia picha ile hiyohiyo, hakuzungumza nami kwa miezi mitano. Alikuwa na mtoto wa kike anayeposwa, na alijua watu wa upande wa pili wangeusoma ukurasa ule kwa jicho gani. Sikuwahi kumlaumu. Naomba tu kamati ijue kwamba neno moja katika madaftari hayo linaweza kumfungulia mtu mlango na kumfungia mwingine, ndani ya familia moja.

Mtafiti wa Maandiko

Bint wa Mwambao amegusa kiini cha swali la pili la Katibu, nami nitalirudia baada ya kusema jambo kuhusu nakala.

Sisi watu wa mwambao hatukuanza jana kuhifadhi kwa kunakili. Tungo za mshairi Muyaka wa Mombasa tunazo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kuziandika kutoka vinywani mwa watu, akampa mmishenari Taylor, na mwaka 1940 mhariri Hichens akazichapa. Bila mkono wa Mwalimu Sikujua, nyingi zingekufa na waliozihifadhi kichwani. Lakini tazama pia karatasi zenyewe zimelala wapi: ziko London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, na kijana wa Mombasa anayetaka kuuona mwandiko ule anahitaji viza. Nakala iliokoa maneno, na safari ya nakala ikawaweka wenyewe mbali nayo.

Kwa hiyo, kamati ikipata mfadhili wa kupiga picha, isome masharti kabla ya kushukuru. Yako yaliyo mazuri. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004, ambao kanuni yake ni kwamba asili haziondoki nchini na nakala hubaki kwa wenyewe. Sharti hilo la nakala kubaki kwa wenyewe lisichukuliwe kama zawadi ndogo. Mwezi Oktoba 2023 wadukuzi walishambulia mitambo ya maktaba hiyo, na makusanyo mengi yaliyokuwa yakisomwa bure duniani kote yakawa hayafikiki kwa muda mrefu. Aliyekuwa na nakala yake kabatini aliendelea kusoma.

Sasa kuhusu wazalia. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1904 ilisema tu kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia 1906 watakuwa huru. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo karibu miaka arobaini ya mwanzo ya madaftari yenu iko ndani ya kipindi ambacho hadhi ya mtu iliandikwa kama sehemu ya jina lake. Msilifute neno hilo, wala msilifunike katika picha. Akija mtu miaka hamsini ijayo akakuta doa jeusi, atajua lililokuwamo na atajua pia kwamba sisi tuliona aibu. Ila faharasa itakayosambazwa nje ya msikiti isitaje hadhi. Iwe na jina, mwaka na ukurasa tu. Anayetaka kuusoma ukurasa aombe, apewe picha yake, na ikiwezekana aisome akiwa na mtu mzima wa kumweleza maana ya lile neno katika zama zake.

Karani Mstaafu

Mwalimu, nakuheshimu, lakini pendekezo hilo lina shimo, na watakaotumbukia humo ni walewale unaotaka kuwalinda. Mwungwana, yaani mtu aliyezaliwa huru, katika madaftari haya ana jina lake, la baba yake, la babu yake na la ukoo. Mzalia ana jina moja. Utakuta Mabruki, Mabruki, Mabruki, Majaliwa, Farijala, kumi kwa mwaka, na kinachowatofautisha ni jina la bwana peke yake. Ukiliondoa jina hilo katika faharasa, mjukuu wa mwungwana atampata babu yake kwa dakika mbili, na mjukuu wa Mabruki atarudi kufunua daftari zima. Tutakuwa tumempokonya mara ya pili.

Mtafiti wa Maandiko

Umenisahihisha kwa haki, Mzee wangu. Sikulifikiria hilo. Labda ziwepo faharasa mbili: ya nje, ambayo kila mtu aliyetajwa anapewa namba yake pekee pamoja na mwaka na mtaa kama umeandikwa, na ya ndani, inayokaa kabatini, yenye jina la bwana mbele ya kila namba. Mjukuu wa Mabruki anaandika barua au anapiga simu, anaeleza anachokijua, na msomaji wa msikiti anamtafutia namba kwa faharasa ya ndani. Kazi ya kutafuta inamhamia mtunzaji badala ya kumwangukia mtafutaji. Ni mzigo kwa kamati, sikatai.

Bint wa Mwambao

Mimi ningeukubali utaratibu huo, mradi jibu lije. Niliandika barua nne kwa ofisi moja kabla ya kumpata yule mzee, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Mkiahidi kwamba mtu aandike, basi pawe na mtu wa kujibu, hata kama jibu ni kwamba hakuna kilichoonekana.

Na juu ya nani aamue: msiwaachie wazee watatu peke yao, kama wote watatu ni wa koo zilizomiliki. Pawe na mtu wa upande wa pili wa daftari.

Katibu wa Kamati

Nimezisoma jumbe hizi zote kwa sauti mbele ya kamati jana usiku, na ile ya mwisho ya Bint wa Mwambao ilileta ukimya mrefu. Mzee wetu mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kutaka kabati lifungwe, alisema baadaye kwamba bibi yake mwenyewe yumo katika daftari la pili kwa jina moja tu, na kwamba ufunguo aliutaka kwa ajili hiyo. Tumemwomba aingie katika jopo la kuamua, na amekubali.

Tulilokubaliana kwa sasa ni haya. Kabati halifungwi, ila kusoma kutakuwa Jumamosi na Jumatano pekee, mezani badala ya mkekani, mbele ya mtu, na kwa daftari la wasomaji. Hati za mkobani tumezihesabu leo asubuhi, ni 64, na zimeanza kupewa namba. Daftari la tatu limepumzishwa mpaka lipigwe picha. Madaftari ya baada ya mwaka 1950 hayatatoka kwa picha, ila mhusika au mtoto wake atasomewa mstari wake. Vijana wawili wanaojua Kiarabu wameanza kukaa na wazee kila baada ya alasiri kujifunza mwandiko wa karani wa kwanza, na wamekubali kwamba faharasa ije kabla ya intaneti. Suala la intaneti lenyewe bado hatujalimaliza. Wengi wanaelekea kukubali faharasa ya nje pekee, na mimi sioni ubaya likisubiri.

Fundi, nilitazama wino kama ulivyosema. Daftari la kwanza ni jeusi tii na halijapauka. La nne na la tano ni la kahawia, na katika la tano nimeona matundu madogo mahali penye herufi nene. Tufanye nini kwanza?

Fundi wa Majalada

La tano lisifunguliwe tena mpaka nije. Lifunge taratibu, liweke limelala, usiliegemeze kwenye mengine, na weka karatasi nyeupe safi chini yake ili vipande vikidondoka visipotee. Nitumie vipimo vyake, urefu, upana na unene, nikukatie sanduku. Naweza kufika wiki ya kwanza ya mwezi ujao.